Taswira ya Bahari na Haja ya Ufunuo



Jioni moja, baada ya sala ya Magharibi, tulikuwa tumeketi barazani huko Makorora, mjini Tanga, tukingoja sala ya Isha. Miongoni mwetu alikuwamo mzee mmoja aliyekuwa nahodha kwa miaka mingi kati ya Tanga, Pemba na Mombasa, na kijana mmoja aliyerudi karibuni kutoka chuo kikuu. Kijana huyo alitoa simu yake, akamwonyesha mzee picha ya Bahari ya Hindi iliyokuwa ikienda mbele ya macho. Mikondo ilionekana kama nyuzi nyeupe zinazopinda na kujizungusha. Maji ya moto yametiwa rangi nyekundu, na ya baridi rangi ya buluu. Ulionekana mkondo mkubwa ukija kutoka mashariki, ukalifikia bara la Afrika kusini ya Mtwara, na tawi lake moja likageuka kuelekea kaskazini, likapita Mafia, Unguja na Pemba.

Mzee aliitazama kitambo, kisha akasema: “Mkondo huo naujua. Wakati wa kusi, chombo kikikatika nanga nje ya Pemba, usikitafute Pangani. Kitafute upande wa Mombasa. Lakini niambie, mjukuu wangu, picha hii ilipigwa lini, na aliyeipiga alisimama wapi hata akaiona bahari yote?”

Kijana akajibu: “Haikupigwa, babu. Imehesabiwa.”

Neno hilo lilizusha mazungumzo marefu. Ndugu mmoja alisema kwamba mambo ya bahari ni siri ya Mwenyezi Mungu, na kuyatia katika hesabu ni ujeuri wa binadamu. Mwingine akasema kinyume chake: ikiwa mashine inaweza kueleza maji yatakwenda wapi na yatakuwa na joto gani, basi dua za mabaharia zimekwisha kazi yake. Kwa kuwa wasomaji wetu wengi ni watu watafutao haki, na maneno haya mawili huyasikia mara kwa mara, nimeona yafaa kuyachunguza yote mawili kwa nuru ya mafundisho ya Islam.

BAHARI HUHESABIWAJE?

Kwanza yatupasa kujua jambo lenyewe. Wataalamu huigawanya bahari katika visanduku vingi sana, ubavu kwa ubavu na kimoja chini ya kingine, kuanzia juu ya maji hata sakafuni. Kila kisanduku huandikiwa joto lake, chumvi yake na mwendo wa maji yake. Kisha kompyuta hupewa kanuni zilizo maarufu: kwamba kitu hakibadili mwendo wake pasipo kusukumwa, kwamba maji ya baridi na yenye chumvi nyingi ni mazito kuliko ya moto na yenye chumvi chache, kwamba upepo huyasukuma maji, na mzunguko wa dunia huyapindisha. Kwa kanuni hizo kompyuta hukadiria hali ya kila kisanduku baada ya dakika chache, kisha baada ya dakika nyingine chache, mpaka miezi na miaka imepita katika hesabu. Mwishowe tarakimu hizo hutiwa rangi, zikawa picha ambayo jicho laweza kuifuata. Hiyo tuiite bahari ya hesabu, ili tuipambanue na bahari ya maji.

Mwaka 1969 Bwana Kirk Bryan wa Princeton, Marekani, alichapisha njia ya kuihesabu bahari kwa kompyuta, na wengi waliomfuata wamejenga juu ya msingi huo. Mwenzake, Syukuro Manabe, aliyeunganisha naye hesabu ya bahari na hesabu ya hewa mwaka huo huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Shirika la Marekani la NASA limetengeneza picha ya namna hii inayoonyesha mikondo ya dunia nzima tangu Juni 2005 hadi Desemba 2007.

Wala kazi hii haikuachwa kwa nchi za mbali peke yake. Katika mradi wa SOLSTICE, ulioanza mwaka 2017, wanasayansi wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Zanzibar, pamoja na wenzao wa Uingereza, waliuchunguza Mkondo wa Pemba, yaani mlango wa bahari ulio kati ya Tanga na Pemba. Walitumia vipimo vya majini, vyombo vya angani na hesabu za kompyuta, wakitaka kufahamu jinsi pepo za msimu zinavyohusika na wingi wa samaki wadogo kama dagaa na vibua. Hao ndio samaki ambao wavuvi wa Tanga huwafuata usiku kwa taa.

MUNGU ASIYEBADILI DESTURI YAKE

Sasa tumjibu yule ndugu wa kwanza. Je, kuihesabu bahari ni ujeuri?

Ndugu zangu, hesabu hii yawezekana kwa sababu moja tu: bahari ni mtiifu. Pwani yetu mkondo huenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi hupata nguvu, ukapita mita moja kwa sekunde, ukaendelea hata Somalia. Wakati wa kaskazi hulegea, ukakutana karibu na pwani ya Kenya na mkondo ushukao kutoka Somalia, na yote miwili ikageukia mashariki baharini. Joto la maji ya juu hufika karibu na nyuzi 30 za Sentigredi mwezi wa Machi, na mwezi wa Agosti hushuka hata 25 au 26. Babu zetu waliosafiri kwa jahazi hawakuwa na kompyuta, lakini waliitegemea kawaida hiyo hiyo. Walijua siku za kaskazi, siku za kusi, na siku za tangambili baina yake, wakapanga safari zao, biashara zao na hata arusi zao kwa hesabu hiyo. Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa Kiarabu wa karne ya 15, aliandika vitabu vya elimu ya ubaharia, na hakuna aliyemwita mkufuru kwa kuzihesabu nyota na misimu ya pepo.

Lau bahari ingekuwa na miungu wengi, huyu akivuta huku na yule akivuta kule, hapangekuwa na kanuni ya kuandika. Lau ingejiendea ovyo pasipo Mwenye kuiongoza, hesabu ya leo isingefaa kesho. Qurani Tukufu katika Sura Al-Fath yatufundisha kwamba desturi ya Mwenyezi Mungu haibadiliki. Katika Sura Ar-Rahman yatwambia kwamba jua na mwezi huenda kwa hesabu. Na katika Sura Al-Mulk yatuamrisha kulirudisha jicho tena na tena katika uumbaji wa Rahmani, tuone kama mna kasoro yoyote. Basi anayeihesabu bahari kwa moyo wa adabu anaitii amri hiyo.

Na hapa tumkumbuke Profesa Abdus Salam wa Pakistan, mwana wa Jumuiya ya Waislamu Waahmadiyya, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1979. Katika karamu ya tuzo hiyo alisoma aya hizo za Sura Al-Mulk mbele ya wafalme na wataalamu. Mwaka 1964 alikuwa ameanzisha kituo cha elimu ya fizikia mjini Trieste, Italia, ili wanasayansi wa nchi maskini wapate mahali pa kujiendeleza bila kuzihama nchi zao. Mtu huyu hakuona haya kuswali, wala hakuogopa kuhesabu.

TASWIRA SI BAHARI

Basi na yule ndugu wa pili, aliyedhani kwamba dua na dini zimekwisha kazi? Yeye nampa mambo matatu, nayo wataalamu wa bahari wenyewe huyakiri.

La kwanza ni ukubwa wa visanduku. Hesabu nyingi za zamani zilitumia visanduku vyenye upana wa digrii moja, yaani kilometa 111 hivi. Kisiwa cha Pemba kina urefu wa kilometa 67 tu, na mlango wa bahari ulio kati yake na Tanga una upana wa kama kilometa 50. Basi katika bahari ya hesabu ya namna hiyo Pemba haikuwako! Watu wake, mikarafuu yake na misikiti yake, vyote vilimezwa na kisanduku kimoja. Siku hizi wako wanaotumia visanduku vya kilometa 9, na hata vya kilometa 2, na Pemba imeonekana. Lakini miamba na vijito ambavyo mvuvi wa Sahare avijua kwa kasia lake, vingi bado havimo. Tujifunze basi kutosema kwamba kitu hakipo, eti kwa kuwa hesabu yetu haikukiona.

La pili ni udogo wa kosa na ukubwa wa matokeo yake. Mwaka 1961 Bwana Edward Lorenz wa Marekani alikuwa akihesabu hali ya hewa kwa kompyuta. Alipotaka kuirudia hesabu yake, badala ya 0.506127 aliandika 0.506, akidhani kwamba kilichobaki si kitu. Mwanzoni hesabu mbili zilikwenda pamoja. Kisha zikaanza kuachana. Na mwishowe hazikufanana kabisa. Elfu moja haikutimia, nayo ilitosha kuipoteza hesabu nzima.

La tatu ndilo kubwa zaidi. Bahari ya hesabu ikiachwa ijiendee yenyewe, hujitenga na bahari ya maji. Na inapopotea hailii wala haisimami. Huendelea kuchora mikondo yake kwa uzuri ule ule na rangi zile zile, na anayeitazama hana dalili ya kumwonya. Dawa yake ni moja tu: sharti habari mpya ije kutoka baharini. Tangu mwaka 1992, Marekani na Ufaransa waliporusha chombo cha TOPEX/Poseidon, vyombo vya angani vimekuwa vikipima kimo cha uso wa bahari kwa usahihi wa sentimeta chache. Na tangu mwanzo wa karne hii mataifa mengi yametia baharini maboya yaitwayo Argo, ambayo sasa yanakaribia 4,000. Kila boya huelea katika kina cha meta 1,000. Kila baada ya siku 10 huzama hata meta 2,000, kisha hupanda juu likipima joto na chumvi njia nzima, na lifikapo juu hupeleka habari zake angani. Kwa habari hizo hesabu husahihishwa, na taswira ikarudishwa katika njia.

JE, AKILI YATOSHA?

Ndugu msomaji, hayo ya bahari ni mfano, na mfano una mpaka wake. Lakini tuutie moyoni.

Kila mtu anayo taswira ya Mungu katika nafsi yake. Mwingine aliirithi kwa wazazi, mwingine aliijenga kwa kufikiri. Akili ni neema kubwa, na Islam haikumwamrisha mtu aizime. Lakini akili peke yake ni kama kompyuta isiyopata habari za baharini. Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, alieleza katika kitabu chake Barahin-e-Ahmadiyya, kilichoanza kuchapishwa mwaka 1880, kwamba akili ikiutazama ulimwengu yaweza kufika mpaka wa kusema: lazima awepo Muumba. Lakini “lazima awepo” si sawa na “yupo.” Yakini ya kwamba yupo huja pale Yeye Mwenyewe anapojijulisha kwa maneno Yake.

Mtu aweza kutazama picha ya Mkondo wa Pemba mwaka mzima asilowe unyayo. Vivyo hivyo aweza kubishana juu ya Mungu maisha yake yote asionje hata mara moja kujibiwa dua.

IKIWA QURANI IMEKAMILIKA, KWA NINI AJE MASIHI?

Hapa tunafikia swali ambalo watafutao haki hutuuliza kuliko mengine yote. Husema: “Qurani imekamilika, na Mtume wetu Mtukufu s.a.w. ni Khatamun Nabiyyin. Basi kwa nini ninyi Waahmadiyya mnasema kwamba Mungu alimtuma mtu mwingine? Amekuja kuongeza nini?”

Jibu letu ni kwamba hakuja kuongeza kitu. Boya la Argo halileti bahari mpya. Haliongezi tone moja la maji, wala halibadili kanuni yoyote. Bahari ni kamili pasipo hilo. Iliyopungua ni taswira yetu, na boya limekuja kuisahihisha taswira kwa bahari ile ile. Qurani Tukufu ni kamili, na Mwenyezi Mungu ameahidi katika Sura Al-Hijr kuihifadhi Mwenyewe. Hakuna herufi iliyopotea. Lakini je, fahamu za watu juu ya Qurani nazo hazikupotea? Tazama jinsi mafundisho ya amani yalivyofasiriwa kuwa ni ruhusa ya kumwaga damu ya wasioamini. Tazama jinsi Nabii Isa a.s. alivyowekwa hai mbinguni, ilhali Qurani yataja kufa kwake na manabii wote wameonja mauti. Tazama jinsi hirizi na makaburi yalivyoshika mahali pa dua. Hakuna kosa hata moja kati ya hayo lililoingia kwa siku moja. Yaliingia kama kosa la Bwana Lorenz: kidogo sana mwanzoni, kisha karne zikapita. Na watu waliendelea kusoma, kuswali na kusherehekea kwa uzuri ule ule, wala taswira yenyewe haikuwaonya.

Kwa rehema Yake Mwenyezi Mungu hakuiacha hali hiyo. Mtume Mtukufu s.a.w. alikwisha toa habari, kama ilivyo katika Hadithi za Abu Daud, kwamba kwa umma huu Mungu atainua, katika mwanzo wa kila karne, atakayeihuisha dini. Na kwa wakati wa upotevu mkubwa aliahidi kuja kwa Masihi na Mahdi. Sisi twashuhudia kwamba ahadi hiyo imetimia katika nafsi ya Hadhrat Mirza Ghulam Ahmad a.s. wa Qadian, mtumishi wa Muhammad s.a.w., ambaye hakuleta sheria mpya wala kalima mpya wala kibla kipya. Alipata habari kutoka kwenye Bahari ile ile, akaturudisha kwayo.

Usiyakubali maneno haya kwa kuwa yameandikwa vizuri. Mtaalamu wa bahari haiamini hesabu mpaka ailinganishe na maji. Nawe yalinganishe mafundisho haya na Qurani, utazame habari alizozitoa na jinsi zilivyotimia, utazame matunda yake. Kisha amka usiku, uswali rakaa mbili, umwombe Mwenyezi Mungu mwenyewe akuonyeshe ukweli. Yeye ndiye Mwenye bahari, na hakuna atakayekujibu vyema kuliko Yeye.

DUA NA NANGA

Limebaki jambo la dua. Yule ndugu alidhani kwamba panapojulikana sababu, dua haina kazi. Seyidna Ahmad a.s. alilijibu wazo hilo katika kitabu chake Barakatud Dua cha mwaka 1893. Alieleza kwamba dawa nayo ni sababu, na hakuna anayeiacha kwa kuwa kila kitu kimekadiriwa; basi dua ni sababu pia, iliyowekwa na Yule Yule aliyeitia dawa athari yake. Mtume s.a.w. alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo atawakali. Kwa hiyo mvuvi wa Tanga aitishe utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, avae koti la kuokolea, akague nanga yake, naye aombe dua. Anayeomba bila kukagua nanga hakutawakali, bali amezembea. Na anayekagua nanga asiombe dua hafahamu ni nani aliyeyapa maji amri ya kumbeba.

Tena elimu huleta madaraka. Mwaka 1998 joto la bahari lilipozidi, matumbawe mengi ya Afrika Mashariki yalipauka na kufa, na samaki waliokaa humo wakapungukiwa na makazi. Wataalamu wanasema kwamba zaidi ya sehemu 90 katika 100 za joto lililozidi duniani kwa matendo ya binadamu limeingia baharini. Huko Chongoleani, ng'ambo ya ghuba ya Tanga, ndiko unakoishia mradi wa bomba la mafuta ghafi litokalo Uganda, lenye urefu wa kilometa 1,443. Mafuta yakimwagika, mkondo utayapeleka wapi, na baada ya saa ngapi? Hilo ni swali la kompyuta, nayo yaweza kulijibu. Lakini kwamba ni haramu kuichafua riziki ya jirani, na kwamba tutaulizwa juu yake, hilo kompyuta haliwezi kukwambia.

Nirudi Makorora. Baada ya maneno mengi mzee nahodha alimrudishia kijana simu yake, akasema: “Picha yako ni nzuri, mjukuu wangu, na aliyeihesabu amefanya kazi. Ila mwambie asiache kuyatazama maji.” Mara ikaadhiniwa Isha, tukasimama.

Mwenyezi Mungu atujaalie elimu yenye kunufaisha, atuepushe na kuziabudu taswira tulizozichora wenyewe, awaongoze watafutao haki kwa nuru itokayo Kwake, na awarudishe salama wote walioko baharini usiku huu. Amin.